Insha ya setbuku kwenye Pepa 3 ya Kiingereza: hadithi naijua, swali liko wapi?

Wacha nianze na aibu yangu. Nikiwa kidato cha nne, shule moja huku upande wa Kisumu, insha yangu ya setbuku, yaani kile kitabu cha fasihi kinachotahiniwa, kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, ilirudi na 6 kwa 20. Na nilikuwa nimejaza kurasa tatu bana, hadithi yote iko ndani kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna mhusika nilisahau, hata kuna mahali nilikuwa naskia machozi nikiandika. Chini kabisa ticha akaandika kwa kalamu nyekundu: hadithi naijua, swali liko wapi? Nilikasirika wiki nzima. Nilikuwa naona huyu mtu hata hakusoma kazi yangu, kumbe alisoma yote na ndio maana akauliza.

Sai naishi Nakuru na kila Jumamosi watoto wa ploti yetu, pamoja na binamu yangu mmoja, wanakuja kwa nyumba na madaftari, na kila mwaka naona lile kosa langu likizaliwa upya. Wanajua kitabu vizuri kuniliko, wanaweza kukwambia nani alisema nini ukurasa gani, lakini ukiwaletea swali wanakusimulia kitabu. Ndio nikaamua niandike venye mimi huwaonyesha, hatua kwa hatua, mwenye itamsaidia achukue.

Kwanza jua unapigania nini

Pepa 3 ya Kiingereza ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni saa mbili na nusu, maswali matatu, kila moja 20, jumla 60. La kwanza ni insha ya kubuni. La pili ni la setbuku ya lazima. La tatu unachagua setbuku moja kati ya zile za hiari, na ukijifanya mjanja ukaandika mbili wanasahihisha ile imetangulia tu, ile ingine umechoma wino bure. Halafu maagizo ya juu, yale watu huruka, yanasema insha isizidi maneno 450. Tutarudi kwa hiyo 450 ju ndio inaua watu wenye bidii kama mimi wa zamani.

Kawaida zile 20 za setbuku zinagawanywa hivi: utangulizi 2, pointi nne za 3 kila moja ambazo ni 12, hitimisho 2, lugha na mpangilio 4. Angalia hapo vizuri. Mwenye ameandika pointi mbili tamu sana, zimechambuliwa mpaka mfupa, ashapoteza 6 hata kabla ya kuhesabiwa grama. Na mwenye ameandika utangulizi wa nusu ukurasa bado ni 2 tu atapewa, hakuna bonasi ya kuandika mingi.

Sasa mfano. Sitatumia setbuku yoyote, ju zinabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na sitaki mtu aje kukariri sentensi zangu. Natumia Luanda Magere, ile hadithi kila mtoto wa kule Kano, karibu na Kisumu, amesimuliwa na nyanya yake. Na mifano nitaiandika kwa Kiswahili makusudi. Kama huwezi kutetea pointi yako na lugha unaongea kwa nyumba, hiyo pointi huna, na Kiingereza hakitakuletea. Fikiria kwanza, tafsiri ya maneno itakuja baadaye.

Kwa mwenye hakuwahi kuiskia, mimi nilisimuliwa hivi: Luanda Magere alikuwa shujaa wa Waluo, ukoo wa Sidho, mwili wake jiwe, mikuki inadunda. Maadui Wanandi wakachoka kupigwa, wakampelekea msichana mrembo aoe. Wazee wakamwambia usiguse zawadi ya adui, mke wake wa kwanza akamwambia, akakataa kuskia, akaoa. Siku moja akaugua, akamwambia yule mke mgeni amchanje apake dawa. Kisu kikakataa kuingia. Akamwambia basi chanja kivuli changu, akachanja, damu ikatoka. Usiku msichana akatoroka akapeleka habari kwao. Vita vilivyofuata mtu akachoma kivuli kwa mkuki, shujaa akaanguka, akageuka jiwe.

Na swali letu ni hili: Mwenye nguvu huangushwa na makosa yake mwenyewe. Thibitisha ukweli wa kauli hii ukirejelea hadithi ya Luanda Magere.

Hatua ya kwanza: vunja swali kabla hujavunja kalamu

Hapa ndio nakaa sana na hawa watoto, karibu nusu ya Jumamosi, na wananichukia. Wengi wakisoma lile swali wanaona maneno mawili tu, Luanda na Magere, halafu peni inaanza kukimbia. Pole pole. Pigia mstari: mwenye nguvu, huangushwa, makosa, mwenyewe. Manne. Kila pointi yako lazima iguse yote manne, kama haigusi ni stori.

Hilo neno mwenyewe ndilo lina mtego. Juzi nilimpa binamu yangu hili swali, akaja na pointi ya kwanza: Wanandi walikuwa wajanja wakapanga njama ya kumtuma msichana. Nikamuuliza, hilo ni kosa la nani? Akanyamaza. Ni kweli iko kwa hadithi, na ni muhimu, bila hiyo njama hakuna hadithi, lakini swali halikuuliza ujanja wa Wanandi. Ile pointi ni sifuri kwa 3. Anaweza kuiokoa tu akiigeuza: Luanda anaona adui wa miaka mingi ameleta binti bila kudai chochote na hajiulizi kwa nini. Sasa kosa ni lake. Ni tukio lile lile lakini umelishika upande mwingine.

Msichana mwingine wa ploti, huyo ana mdomo, akaniambia yeye anaona yule bibi wa Kinandi ndiye shujaa, ju aliokoa watu wake na hakuwa na silaha. Enyewe nilipenda. Lakini nikamwambia weka hiyo kwa daftari, ingoje swali la uzalendo au la wanawake kwenye hadithi, leo ukiiandika unajibu mtihani wa mtu mwingine.

Angalia pia kitenzi cha swali. Ukiambiwa thibitisha au onyesha ukweli, kazi yako ni upande mmoja, usijifanye wakili wa pande zote ati lakini kwa upande mwingine hakuangushwa na makosa yake. Ukiulizwa unakubaliana na kauli hii, au jadili, hapo una ruhusa ya kusimama upande wako au kugawa, bora useme wazi umesimama wapi.

Hatua ya pili: dakika tano za karatasi chafu

Usianze kuandika insha. Chukua ukurasa wa nyuma, andika haraka haraka kila kitu unakumbuka kinachoweza kugusa swali, hata kama ni nane au kumi, alafu uchinje. Utakata ngapi? Mpaka zibaki nne. Mimi huchora mistari miwili, upande huu kosa gani, upande ule lilimwangushaje. Kama upande wa pili hujui uandike nini hiyo pointi ni ya kutupwa, hata kama unaipenda.

Kwa swali letu mimi nilibaki na hizi. Moja, kiburi, anapuuza wazee na kupokea zawadi ya adui, matokeo yake adui analala ndani ya nyumba yake. Mbili, anampuuza mke wake wa kwanza ambaye anamjua, anamwamini mgeni ju ya urembo, matokeo hakuna mtu wa karibu wa kumlinda. Tatu, anatoa siri ya kivuli akiwa mgonjwa, matokeo adui anajua pa kuchoma. Nne, msichana ametoroka na siri na yeye bado anaenda vitani na ile njia yake ya siku zote, hajabadilisha kitu, matokeo anakufa.

Umeona moja na mbili zinakaribiana? Hapo ndio mtu hupoteza 3 bila kujua. Ukiandika zote mbili kama kutoskia ushauri, mwenye anasahihisha atasema hii nimeshalipia. Lazima utenge: ya kwanza ni kiburi cha shujaa mbele ya jamii, ya pili ni tamaa ya urembo ndani ya boma. Kama huwezi kutenga, unganisha na utafute nyingine.

Zifuate venye zilitokea kwa hadithi. Kuna watu wanafundisha uanze na ile kali, sawa tu, lakini ukiwa na presha ya mtihani mpangilio wa hadithi unakusaidia usisahau kitu. Hatari yake ni kuteleza kwa kusimulia, na dawa yake iko hatua ya nne.

Hatua ya tatu: utangulizi, mistari minne mitano inatosha

Usiandike mwandishi alizaliwa wapi. Usiandike katika insha hii nitaenda kuzungumzia. Usirudie swali neno kwa neno, hiyo wanaiona kama umenakili. Sentensi moja ya jumla kuhusu maisha, moja ya kuileta kwa kitabu, moja ya kuonyesha unaelekea wapi, kwisha. Hivi, na hizo mbili za mwisho nimeziunganisha:

Watu wenye uwezo mkubwa mara nyingi hujiona hawawezi kushindwa, na hapo ndipo wanapoanza kushindwa. Luanda Magere ana mwili usioingia mkuki, lakini kiburi, tamaa, mdomo mwepesi na kutojali hatari vinamfikisha kifoni bila adui kuhitaji nguvu nyingi.

Ni hiyo tu. Ona nimetaja zile nne kwa ufupi, sasa anayesahihisha anajua anangojea nini. Na kama ni kitabu, jina la kitabu lipigie mstari, na jina la mhusika uliandike venye liko kwa kitabu, sio venye unaskia likitamkwa.

Hatua ya nne: aya, hapa ndio pesa iko

Hii hapa aya ya mtoto mmoja, nimeipunguza tu:

Halafu Luanda Magere akaugua. Alikuwa amelala kwa nyumba na mke wake wa kwanza hakuwako. Akamwita yule mke mwingine akamwambia alete dawa na kisu. Akaleta kisu akajaribu kumchanja kwa mkono lakini kisu hakikuingia. Alishangaa sana. Luanda akamwambia achanje kivuli. Alichanja kivuli na damu ikatoka. Halafu usiku ulipofika msichana akaamka akaenda kwao.

Hakuna uongo hapo. Kiswahili ni kizuri. Lakini nionyeshe kosa liko wapi. Nionyeshe kuanguka kuko wapi. Umesoma mistari mingi na hakuna mahali ameniambia kwa nini ananiambia. Angalia hizo sentensi zinaanza na nini: halafu, akamwita, akaleta, halafu. Ukiona halafu mbili kwa aya moja jua umeshaacha kuchambua, unasimulia.

Sasa hii:

Luanda Magere anajiletea kifo kwa kutoa siri yake. Akiwa mgonjwa anamwomba mke mgeni amchanje apate dawa, na kisu kinapokataa kuingia mwilini, anamwambia achanje kivuli. Damu inatoka. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Maumivu ya siku moja yanamfanya ataje kitu ambacho maadui wa miaka mingi walishindwa kukipata. Kuanzia hapo mwili wa jiwe haumsaidii tena, kwa sababu adui anajua pa kuchoma.

Tuipasue kidogo. Sentensi ya kwanza ni pointi yenyewe, imesimama peke yake, mtu akisoma sentensi za kwanza za aya zako nne tu anapata jibu la swali. Ya pili inasema lini na wapi, alikuwa mgonjwa, na mke ndiye yuko naye, ndio usionekane umeokota tukio hewani. Damu inatoka, huo ni ushahidi, mfupi, haujapambwa. Alafu hiyo ya hakuna aliyemlazimisha, hiyo ndio sentensi watoto wengi hawana, ndio inafunga neno mwenyewe la kwa swali. Ya mwisho inafunga neno huangushwa. Mtu akikuuliza umefanya uchambuzi wapi kwa hiyo aya, unamwekea kidole hapo kwa hizo tatu za mwisho.

Jaribio langu ni hili: maliza kuandika ushahidi, jiulize kwa sauti ya yule jamaa mbishi wa steji ya boda, na kwa hivyo? Jibu lake liandike. Kama umeandika alioa binti wa adui, jamaa atasema na kwa hivyo, watu si huoa? Hapo ndio unamjibu kwamba alikuwa ameonywa na wazee na akajiona yeye ni jiwe hakuna kitu kinaweza kumfanya. Hiyo jibu ndio 3 zako.

Kuhusu kunukuu. Maneno matano sita ya mhusika, yakiwa ndio hayo hayo, yanapendeza sana kwa aya. Lakini ukiwa huna uhakika usitunge, sema kwa maneno yako alichosema. Mtahini amesoma hicho kitabu mara nyingi kukuliko, sentensi ya kubuni ataiona kama nzi kwa maziwa.

Hesabu ya maneno sasa. Utangulizi 40 au 50, aya nne za maneno 80 hivi ni 320, hitimisho 40. Uko 400 na kitu, umebaki na nafasi ya kupumua. Ile aya nzuri hapo juu hata haijafika 80, na haina kitu imekosa. Jua mwandiko wako: hesabu maneno ya mistari mitano, gawanya kwa tano, utajua ukurasa wako unabeba ngapi na hutapoteza muda ukihesabu kwa kidole ndani ya chumba cha mtihani.

Hatua ya tano: hitimisho, alafu lugha

Hitimisho ni sentensi mbili tatu. Rudia jibu kwa maneno mapya, usilete pointi ya tano ulikumbuka dakika ya mwisho, na usimhubirie msomaji. Kwa yetu ningesema mikuki ya maadui haikumshinda Luanda Magere, ila maamuzi yake manne ndiyo yaliwafungulia njia. Nimemaliza.

Lugha ni 4, na hizi ndio rahisi zaidi kupoteza. Ukichambua kitabu kwa Kiingereza tumia wakati uliopo, anakataa, anaoa, anakufa, hata kama mambo yalitokea zamani kwa hadithi. Wengi wanaanza na wakati uliopo, wakiingia kwa tukio tamu wanateleza wakati uliopita, wakitoka wanarudi, insha inakuwa kama matatu ya Kondele ikitafuta abiria, mbele nyuma mbele nyuma. Chagua moja. Sentensi zikuwe fupi ukiwa huna uhakika. Na punguzeni hizo fadhamoa na moreova (furthermore, moreover) kila mwanzo wa aya, zinachosha, pointi nzuri haihitaji kupigiwa honi.

Usiandike pia kwa nambari au vidoti, hii ni insha, aya kamili. Nimeona mtu ameorodhesha pointi nne safi kama lisiti ya supamaketi, zote ni za kweli, akashangaa alama zimeenda wapi.

Kuhusu zile gaidi

Vile vitabu vya mwongozo vinauzwa mjini, watoto wanaviita gaidi, na kusema ukweli jina linawafaa. Sio vibaya kusoma moja ukishamaliza kitabu chenyewe. Shida ni kwamba darasa zima linanunua ile moja, linakariri zile pointi, halafu swali likija limegeuzwa kidogo tu wote wanaandika jibu la swali la kwa gaidi. Badala yake tafuta daftari la shilingi chache, kila mhusika ukurasa wake. Upande wa kushoto alifanya nini na lini, kulia hiyo inaonyesha yeye ni mtu wa aina gani. Ukisoma kitabu mara ya pili ndio unajaza upande wa kulia, mara ya kwanza soma tu kama stori, ufurahie, hakuna mtihani.

Saa ya mtihani: saa mbili na nusu kwa maswali matatu ni kama dakika hamsini kila moja. Tano za kupanga, thelathini na tano za kuandika, zinazobaki za kusoma tena. Wakati wa kusoma tena usisome yote kama umechoka, soma sentensi ya kwanza ya kila aya na ya mwisho, uangalie kama zinaongea na swali. Mwaka jana binamu yangu aligundua hivyo kwamba aya yake ya tatu na ya nne ni kitu kimoja, akakata moja na mstari ulionyooka, akaandika nyingine pembeni kwa dakika sita. Haikuwa nzuri sana, lakini ilikuwa ya nne.

Mazoezi ya Jumamosi hii, na naomba mtu asiniletee kurasa tatu: Mgeni ndani ya nyumba anaweza kuwa na nguvu kuliko jeshi. Thibitisha ukirejelea Luanda Magere. Kaa na saa mezani, pigia mstari maneno ya swali kwanza, na wewe mwenye mdomo, sasa yule bibi yako wa Kinandi unaweza kumtoa kwa daftari.